Kabla hujaiita UTI: kusoma dalili za mkojo na za uzazi kwa mwanaume

Mwanaume akikaa kwenye kiti mbele ya meza yangu, mara nyingi anaanza na mgongo. Mgongo unamuuma, au mwili umechoka, au anataka apimwe malaria. Namwandikia kipimo, anainuka, anafika mlangoni, halafu anaurudishia mlango na kugeuka. "Daktari, na kuna jambo jingine." Hilo jambo jingine ndilo lililomleta.

Akilitaja, ataliita ngiri. Au chango la kiume. Au mshipa. Vijana siku hizi wanaliita UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Majina haya yamebebeshwa mizigo isiyo yao. Ngiri kwa tabibu ni utumbo uliopenya kwenye upenyo wa misuli ya kinena. Haichomi mkojo wala haimalizi nguvu za mtu. Mtaani ngiri ni kiuno kuuma, tumbo kunguruma, kukosa hamu, hata kukosa mtoto. Ukitibu jina, ugonjwa unabaki palepale. Kwa hiyo hapa sifuati majina. Nafuata lalamiko lilivyo, na swali linalotenganisha chanzo kimoja na kingine. Naanza na lile lisilosubiri kukuche.

Korodani moja imeanza kuuma ghafla

Tazama saa kwanza. Kijana, hasa wa miaka 12 hadi 18, ameamshwa saa nane usiku na maumivu makali upande mmoja. Ametapika. Hana homa, mkojo hauchomi. Huyo mchukulie kwamba korodani imejisokota hadi ithibitike vingine. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu, na kamba ikijizungusha damu haiingii. Ikifunguliwa ndani ya saa sita, kama tisa kati ya kumi hupona. Zikifika saa kumi na mbili ni nusu kwa nusu. Siku nzima ikipita, kwa kawaida kinachobaki ni kuikata na kuitoa. Sasa piga hesabu: iliyoanza saa nane usiku, muda wake unaisha saa mbili asubuhi, wakati zahanati nyingi ndiyo kwanza zinafagiwa.

Ukimvua nguo utaona korodani imepanda juu kuliko mwenzake na imelala mlalo. Kwaruza paja lake la ndani kwa kidole: korodani iliyo salama ya upande huo huruka juu, iliyojisokota hutulia tuli. Ultrasaundi inasaidia, lakini kama mashine iko mbali usiifuate. Peleka mgonjwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Daktari ataisokotoa na kuishona isirudie, na atashona na ya pili, maana ile kasoro ya kuning'inia vibaya huwa pande zote mbili.

Kijana mmoja aliletwa kwangu siku ya pili. Alikuwa amesema tumbo linauma, ndivyo wavulana wanavyosema wakiona aibu. Nyumbani wakamchemshia mizizi ya chango, duka la dawa wakampa dawa ya minyoo. Hakuna aliyemvua kaptula. Tangu siku ile, mvulana akinilalamikia tumbo la chini namwangalia mpaka huko, hata mama yake akinitolea macho.

Maumivu yaliyopanda polepole, siku mbili tatu, yakiwa na homa au mkojo unaochoma, ni habari nyingine: maambukizi ya mrija wa mbegu uliojikunja nyuma ya korodani. Chini ya miaka 35 mtuhumiwa wa kwanza ni klamidia au kisonono. Kwa mtu mzima zaidi ni bakteria waliotoka kwenye kibofu, na nyuma yao mara nyingi kuna tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu, inayozuia mkojo usiishe. Antibiotiki za siku kumi au zaidi, chupi inayobana ili kuinua uzito, na uvimbe utachukua wiki kadhaa kuisha hata kama maumivu yameondoka. Usipopungua kabisa, fikiria kifua kikuu. Kinaweza kukaa huko bila mtu kukohoa hata siku moja. Na kama shavu lilivimba wiki iliyopita, ni matubwitubwi. Hapo antibiotiki hazina kazi. Ni kupumzika, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na dawa ya maumivu.

Ukishindwa kujua ilianza ghafla au polepole, fanya kana kwamba ni ghafla.

Mengine ya kukimbia nayo usiku huohuo

Uume uliosimama zaidi ya saa nne bila hamu, na unauma. Kwa wenye selimundu ni jambo la kawaida kuliko wanavyokiri, na wengi huvumilia kwa aibu mpaka misuli inaharibika na haisimami tena. Damu iliyotuama inatakiwa kuvutwa kwa sindano hospitali.

Govi lililovutwa nyuma likakwama, na kichwa kimevimba. Wakati mwingine sisi wenyewe ndio tunaosababisha: tumeweka mpira wa mkojo, tumesahau kulirudisha govi mahali pake.

Ngozi ya korodani au ya msamba inayouma kupita kiasi, inayogeuka nyeusi na kutoa harufu, hasa kwa mwenye kisukari. Hii inaua kwa siku chache. Hakuna dawa ya kupaka.

Mkojo unachoma

Swali la kwanza silo "unakunywa maji kiasi gani". Ni hili: asubuhi ukiamka, chupi ina doa?

Mrija wa mkojo wa mwanaume una urefu wa kama sentimita 20, wa mwanamke ni kama 4. Bakteria wa kawaida wana safari ndefu mpaka wafike kwenye kibofu cha mwanaume, ndiyo maana kijana wa miaka 24 mwenye afya ni nadra kupata UTI ya kweli. Anapoandikiwa UTI kwa sababu chembe nyeupe zimeonekana kwenye mkojo, mara nyingi chembe zenyewe zimetoka kwenye mrija, na aliyeziita ni kisonono au klamidia. Kisonono hujitokeza siku mbili hadi tano baada ya tendo, usaha mzito wa njano au kijani. Klamidia huchukua wiki moja hadi tatu, ute mwepesi, au kuwasha tu, au kimya kabisa. Kwa kuwa huja pamoja mara kwa mara, hutibiwa pamoja: sindano ya seftriaksoni kwa kisonono, na doksisaiklini miligramu 100 kutwa mara mbili kwa siku saba kwa klamidia. Vidonge vya sipro vilivyokuwa vinasifiwa zamani, kisonono kimevizoea. Usivinunue kwa kumbukumbu ya kaka yako.

Mwenzi naye anatibiwa, hata kama hana dalili, na watu wanakaa siku saba bila kukutana. Hapa ndipo matibabu yanapovunjika. Mwanaume anameza nusu ya vidonge, nusu anampelekea mkewe akimwambia ni dawa ya tumbo. Wote wawili hawaponi, na mwezi unaofuata anarudi akiwa na "UTI sugu".

Nikiona hilo neno sugu kwenye karatasi, natafuta mambo matatu. Mwenzi ambaye hakutibiwa. Sukari ambayo haijapimwa. Kitu kinachozuia mkojo usiishe: tezi, jiwe, au kovu kwenye mrija. Na kabla ya antibiotiki ya nne, mkojo uoteshwe maabara ili tujue ni mdudu gani na dawa ipi inamuua. Vidudu vya trikomona navyo huchoma mrija wa mwanaume, na dawa yake ni metronidazoli, ambayo haimo kwenye ile sindano.

Mwanaume wa zaidi ya miaka 50 mwenye mkojo unaochoma, homa ya kutetemeka na maumivu ya msamba, tezi dume imeambukizwa. Huyo UTI yake ni ya kweli na ni nzito, wengine hulazwa. Tezi hiyo usiikandekande wakati wa kumpima, utasukuma bakteria waingie kwenye damu.

Kukiwa na kidonda, kiangalie vizuri. Kisichouma, chenye kingo ngumu, ni kaswende mpaka kipimo kiseme vingine. Kinachouma na kutoa usaha huenda ni pangusa. Malengelenge madogo yaliyojikusanya na kurudi mara kwa mara ni hepesi. Govi linalopasuka na kuwasha kwa fangasi kila mara, pima sukari ya damu. Nimewahi kumgundua mgonjwa wa kisukari kwa govi tu, kabla hajalalamika kiu.

Mkojo una damu

Muulize: damu inakuja mwanzo, mwisho, au mkojo wote? Wengi hawajawahi kutazama. Mpe vikopo vitatu, akojoe kidogo kwenye kila kimoja bila kukatisha, kisha vipangeni dirishani. Damu ya mwanzo peke yake inatoka kwenye mrija. Damu ya mwisho, yale matone yanayoporomoka wakati wa kukamua, inatoka shingoni mwa kibofu. Mkojo mwekundu wote umetoka kwenye kibofu chenyewe, au juu zaidi, kwenye figo.

Kwa mvulana aliyekulia Pemba, Unguja, mwambao, au karibu na mashamba ya mpunga na madimbwi ya bara, matone ya mwisho ni kichocho. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu na mayai yake yenye mwiba hupasua ukuta yakitafuta njia ya kutoka. Kumbuka tu kwamba kandokando ya Ziwa Victoria kichocho kinachotawala ni kile cha utumbo. Mvuvi wa huko ataona damu kwenye choo kikubwa. Mkojo wa kutafuta mayai uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka kwa wingi wakati huo, na mgonjwa arukeruke kidogo kabla. Nimeona majibu ya "hakuna mayai" kwa sababu tu mkojo ulichukuliwa saa kumi na mbili alfajiri.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600. Ale kwanza, maana vinachefua na kuleta kizunguzungu. Haiui minyoo michanga, kwa hiyo mwenye maambukizi mapya arudie baada ya wiki nne hadi sita. Na akirudi kuoga dimbwini, atarudi na kwangu.

Sasa hili nalisema kwa ukali. Mwanaume wa miaka 40 na kuendelea akikojoa damu bila maumivu, hata mara moja, hata kama iliacha yenyewe, anatakiwa kuingiziwa kamera kwenye kibofu. Kichocho cha utotoni kisichotibiwa huacha makovu, na juu ya makovu hayo huota saratani ya kibofu. Sigara nayo huleta saratani yake. Kumpa mtu huyo prazikwanteli na kumwambia aende zake ni kumpotezea miezi ambayo hana.

Damu yenye maumivu ya kuja na kuondoka, yanayotoka ubavuni yakishuka mpaka korodani, mgonjwa hatulii, anazunguka chumba kama aliyepandisha mashetani: ni jiwe. La chini ya milimita 5 kwa kawaida hutoka lenyewe, na sindano ya diklofenaki humtuliza kuliko vidonge vya tumbo. Jiwe lenye homa ni dharura, figo imefungiwa usaha ndani.

Sio kila wekundu ni damu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Malaria kali inaweza kuugeuza ukawa kama kahawa, na hiyo ni ya kulazwa. Damu kwenye manii inatisha sana lakini kwa kijana aghalabu huisha yenyewe. Kwetu nampima kichocho kwanza. Akiwa na zaidi ya miaka 40 au ikijirudia, tezi dume ichunguzwe.

Mkojo unasuasua

Hapa umri ndio unaotenganisha. Mwanaume wa miaka 32 ambaye mkojo wake umekuwa uzi, au unamwagika pande mbili, ana kovu kwenye mrija. Uliza kama aliwahi kuugua kisonono kisichotibiwa vizuri, kama aliwahi kuwekewa mpira wa mkojo, au kama aliwahi kuanguka mapaja yameachana juu ya ubao au tangi la pikipiki. Kovu halina kidonge. Hupigwa picha ya eksirei yenye dawa ndani ya mrija, kisha hupanuliwa, hukatwa, au mrija hujengwa upya. Dereva wa bodaboda aliyevunjika nyonga na ana tone la damu kwenye tundu la uume, asiwekewe mpira na mtu anayebahatisha. Mrija uliochanika nusu utachanika wote.

Mzee wa miaka 60 anayesubiri mkojo uanze, ukatike, udondokee kiatuni, ni tezi dume. Lakini akilalamika zaidi kuamka usiku, usirukie tezi. Mpe chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa shingo, apime mkojo wa usiku mmoja. Mara tano, kidogokidogo, inaelekeza kwenye tezi. Mara tano, na kila mara chupa inakaribia kujaa, ni sukari, au kidonge cha presha cha kutoa maji anachokimeza jioni badala ya asubuhi, au miguu iliyovimba mchana inayorudisha maji akilala. Nimewahi kumponya mzee mmoja kwa kuhamisha saa ya kidonge tu.

Kuna dawa za aina mbili. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, huonekana ndani ya siku chache. Anywe usiku maana inaleta kizunguzungu akisimama haraka, na aambiwe mapema kwamba manii yanaweza yasitoke, yasije yakamshtua. Finasteridi hupunguza tezi yenyewe, polepole, kwa miezi sita. Hii ya pili hushusha PSA, namba ya kipimo cha damu cha tezi, kwa karibu nusu, kwa hiyo anayeitumia akipima, namba aizidishe mara mbili kabla ya kufurahi.

PSA ni kipimo cha damu chenye maneno mengi. Hupanda kwa saratani, na pia hupanda kwa tezi kubwa, kwa maambukizi, kwa kuwekewa mpira, hata kwa kukutana na mke siku mbili kabla. Baada ya maambukizi subiri wiki sita ndipo upime. Na kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa kinabaki pale pale: namba nzuri haifuti kinundu kigumu kilichoguswa. Kuhusu kidole, ninachoweza kusema ni kwamba kinachukua muda mfupi kuliko utani unaopigwa juu yake.

Tezi kubwa na saratani ya tezi ni vitu viwili. Nelson Mandela alifanyiwa upasuaji wa tezi mwaka 1985 akiwa kifungoni. Mwaka 2001 akakutwa na saratani ya tezi hiyohiyo, akapigwa mionzi, akaishi mpaka 2013. Upasuaji wa tezi kubwa huchokonoa nyama ya ndani na kuacha ganda la nje, na kwenye ganda hilo ndiko saratani nyingi huanzia. Aliyepasuliwa bado anapimwa. Saratani ikiwa changa haizuii mkojo kabisa. Ndiyo maana sisi Waafrika, ambao hutupata mapema na kwa ukali zaidi, tunashauriwa kuanza kulizungumza na daktari tangu miaka 45 hivi.

Mkojo ukikataa kabisa kutoka na tumbo la chini limejaa kama tikiti, ni mpira wa mkojo sasa hivi, halafu maswali. La kwanza: umekunywa dawa ya mafua? Klorofeniramini na dawa za kuzibua pua humalizia mlango uliokuwa umeshaanza kujifunga. Na mzee anayejikojolea usiku bila maumivu, mshike tumbo. Kibofu kinaweza kuwa kimejaa lita nzima na kinachomwagika ni ziada tu, huku figo zinaharibika kimya kimya.

Kumevimba, hakuumi

Zima taa, weka tochi ya simu nyuma ya uvimbe. Ukiwaka mwekundu kama taa ya chemli, ni maji: busha. Usipowaka, endelea. Jaribu kushika juu ya uvimbe, pale kinenani. Vidole vikikutana juu yake, umeanzia kwenye mfuko wa korodani. Visipokutana, na mgonjwa akikohoa uvimbe unasukuma, hiyo ndiyo ngiri halisi, inahitaji kushonwa. Ikikwama, ikauma na kutapisha, ni ya usiku huohuo. Ukihisi kama mfuko wa minyoo upande wa kushoto unaopungua akilala, ni mishipa ya damu iliyovimba. Nitaitaja tena chini. Mishipa ya namna hiyo ikitokea ghafla, au ikikataa kupungua akilala, figo ipigwe picha.

Kipande kigumu ndani ya korodani yenyewe, kisichouma, kwa mwanaume wa miaka 15 hadi 35, ni saratani hadi ultrasaundi ikatae. Hutokea kwa nadra kwetu na hupona vizuri ikiwahiwa. Isichomwe sindano ya kupimia.

Busha mwambao limesingiziwa madafu vizazi na vizazi. Madafu hayana kosa. Mbu hubeba vijidudu vya minyoo ileile ya matende, minyoo huziba mitoki, maji yanajaa. Ndiyo kazi ya ivermektini na albendazoli zinazogawiwa vijijini, kuzuia, maana busha likishajaa halirudi kwa vidonge. Upasuaji wake ni mdogo na mtu hurudi nyumbani mapema. Kulitoboa kwa sindano linajaa tena, na safari hii huenda na usaha.

Jongoo hapandi mtungi

Swali linalotenganisha ni la asubuhi. Ukiamka, inasimama? Ikiwa ndiyo, na tatizo lilianza siku moja inayojulikana, mishipa ni mizima. Tafuta deni, ugomvi, msiba, woga wa mara ya kwanza, au pombe. Ikiwa imefifia polepole kwa miezi mpaka ya asubuhi imepotea, pima sukari, presha na mafuta ya damu. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Uchafu uleule huziba mwembamba kwanza. Mwanaume wa miaka 48 anayekuja kwangu kwa hili, mimi namsikiliza moyo. Vidonge vya presha navyo viangaliwe, baadhi hupunguza nguvu, lakini vibadilishwe na daktari. Aliyeviacha mwenyewe kwa ajili ya kitanda tumempokea amepooza upande.

Supu ya pweza, karanga mbichi, vipande vya nazi na mihogo ya mtaani: kula, ni chakula. Unga usio na lebo, ule wa kupaka na wa kulamba, ndio unaonitia wasiwasi. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta sildenafili ndani ya dawa zilizouzwa kama mitishamba, kwa kipimo asichokijua mtu. Sildenafili yenyewe ni dawa nzuri ikiandikwa na daktari, inamezwa kama saa moja kabla na haifanyi kazi bila hamu. Ila anayetumia dawa za naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya moyo, asiiguse. Presha inaporomoka na anaweza asiamke.

Mke hashiki mimba

Baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga, wapimwe wote wawili; mke akiwa na zaidi ya miaka 35, isizidi sita. Karibu nusu ya ndoa hizi mume ana mchango wake, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote anavyopitia mke. Bado wanaume wengi huja mwisho, baada ya mke kupigwa picha za mirija na kutukanwa na mawifi.

Kinachoangaliwa: ujazo angalau mililita 1.4, mbegu angalau milioni 16 kwa mililita, na angalau 42 katika kila 100 ziwe zinasogea. Jibu baya moja halihukumu, rudia. Mbegu hutengenezwa kwa muda wa karibu miezi mitatu, kwa hiyo malaria yenye homa kali ya mwezi uliopita bado inaonekana kwenye karatasi ya leo. Mbegu chache pamoja na ule mfuko wa minyoo wa kushoto, upasuaji unaweza kusaidia. Sifuri kabisa ina njia mbili, kuziba au kutozalisha, na ukubwa wa korodani pamoja na kipimo cha homoni ndivyo vinavyoamua. Na wale wa jimu wanaojichoma sindano za testosteroni: misuli inatuna, kiwanda kinafungwa. Kwa wengi hufunguka tena wakiacha, kwa miezi.

Siku mbili hadi saba bila kukutana kabla ya kipimo. Bila sabuni, bila mate, bila kondomu. Kikopo kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Mvuvi mmoja alileta chake ndani ya deli la barafu, kimekaa juu ya changu wawili, akijua anakihifadhi. Hakuna mbegu hata moja iliyosogea. Baada ya siku nne akarudia, safari hii amekibana kwapani chini ya shati, na zaidi ya nusu zilikuwa zinakimbia.